Vigelegele Ukingoni mwa Kabande

Siku tatu nzima redio ilikuwa na habari moja tu: kimbunga. Kilikuwa huko baharini, upande wa mashariki ambako hakuna mtu wa kijiji cha Nyamirehe aliyewahi kufika, na kilikuwa kinakaribia pwani ya watu wengine. Walikipa jina, tena jina zuri la mwanamke, utadhani kimebatizwa. Asubuhi unaambiwa kiko wapi, mchana unaambiwa kimesogea kiasi gani, jioni unaambiwa upepo wake unakwenda kasi gani. Watu wa pwani wahamishwe, shule za pwani zifungwe, vyombo vya pwani vivutwe nchi kavu. Umurerwa aliyasikiliza yote akiwa amechuchumaa jikoni, anachambua maharage, na hakuwaonea wivu watu wa pwani hata kidogo. Aliwaombea. Kilichomuudhi ni kwamba mvua ilikuwa inampiga yeye pia, usiku na mchana, na juu ya mvua yake hakuna aliyesema neno.

Na si kwamba hawakuijua mvua yake. Jamani, waliijua vizuri sana, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwapelekea!

Umurerwa ni mjane wa Sebarenzi, mkulima wa maharage na mihogo kwenye mlima ulio juu ya Shasha, katika Masisi. Ukisimama mlangoni kwake unaliona ziwa lote chini, na barabara ya Sake kwenda Minova imepita pembeni yake. Watoto wake watatu wameolewa na kuoa, wa mwisho yuko Kitshanga, na yeye amebaki na shamba, mbuzi wawili na kile chombo. Chombo chenyewe ni bomba la plastiki lenye mistari, limefungwa kwenye nguzo katikati ya maharage, na kazi yake ni kukusanya mvua. Kila asubuhi saa moja, awe mzima, awe na homa, Umurerwa anainama mpaka jicho lake liwe sawa na maji, anasoma mstari, anamwaga, anatuma namba kwa simu kwenye buro, yaani ofisi, ya shirika moja huko mjini. Ameifanya kazi hiyo miaka tisa. Alipokimbia vita na kulala miezi minane chini ya hema la plastiki, bomba alikuwa nalo, amelizungushia kitenge kama mtoto, na huko kambini pia alipima. Malipo yake katika miaka tisa ni kofia moja na fulana mbili, na ile fulana ya pili ilikuwa ndogo.

Majirani wakampa jina: Mama Mvua. Maharage yakioza shambani wanamwambia apunguze kidogo, leo amewapimia nyingi mno. Jua likichoma wanauliza kama bomba limetoboka. Naye anawajibu kwamba mvua anampa anayemsalimia vizuri, na wanacheka, na maisha yanaendelea.

Sasa kuna jambo moja la Nyamirehe lazima ulijue, la sivyo hutaelewa chochote. Mbele ya chapeli, kwenye mkaratusi, limening'inizwa janti, yaani kile chuma cha ndani cha gurudumu la lori, na kuna chuma cha kuligongea. Linagongwa kwa namna mbili. Likigongwa polepole, ni misa, ama mazishi, ama salongo, yaani kazi ya pamoja ya Jumamosi. Likigongwa haraka haraka bila kupumua, ni watu wa bunduki. Hapo huulizi kitu. Unabeba mtoto, unaacha sufuria motoni, unateremka kabande. Kabande ni lile bonde jembamba chini ya mlima, lina kijito katikati na matete marefu kila upande. Risasi hupita juu, na aliyelala humo kimya hata mtu wa hatua tano hamwoni. Kimya ndiyo sheria yenyewe. Mtoto akilia ananyonyeshwa, asipotulia anazibwa mdomo kwa kitenge, na Mungu atasamehe. Mara nne katika miaka sita kabande iliwaokoa watu wa Nyamirehe. Hata mtoto asiyejua kuhesabu mpaka kumi anajua kwamba janti likienda mbio, miguu inateremka.

Mwaka jana lile shirika likaleta mradi wa kuwajulisha watu mapema hatari za mvua na upepo. Walimtuma kijana mmoja anayeitwa Jean de Dieu, mtu wa adabu, mpole, mwenye viatu visivyofaa kabisa kwa matope yetu. Semina ilifanyika Shasha siku mbili, na Umurerwa alikuwemo pamoja na shemeji yake Edmond, mdogo wa marehemu Sebarenzi, katekista wa chapeli. Vitabu walivyogawiwa vilikuwa vimetungwa kwa ajili ya watu wa baharini. Ukurasa wa kwanza minazi imeinama, wa pili mawimbi yanapanda juu ya nyumba, wa tatu baba mmoja anaifunga mashua yake kwa kamba. Mkulima mmoja akauliza ule mti wenye fagio kichwani ni mti gani. Walichobadilisha ni jalada tu: walibandika picha ya mlima, basi, kitabu kikawa cha kwetu!

Ikafika saa ya kujaza mpango wa kijiji. Nyinyi mna alama gani ya hatari? Edmond akasimama akasema wana janti. Jean de Dieu alifurahi sana, maana kitabu kilisema itumike njia ambayo wenyeji tayari wanayo. Akaandika: janti, ligongwe haraka. Edmond akachaguliwa kuwa prezida wa komite, muhuri ukapigwa, soda zikaletwa. Hakuna aliyeuliza watu wakilisikia hilo janti wanakwenda wapi. Umurerwa pia hakuuliza, na hajajisamehe. Saa ile alikuwa anachungulia dirishani, anawaza kupanda mlima kabla njia haijalowa.

Jambo lilimjia njiani, katikati ya mwinuko, na alisimama ghafla hata aliyekuwa nyuma yake akamgonga. Janti kwa ajili ya mvua! Watu watateremka kabande, na mvua yote ya mlima inateremka hapo hapo kabande! Akamwambia Edmond papo hapo. Edmond akasema ni kweli, lakini karatasi imeshapigwa muhuri, na yeye si mtu wa kufuta kitu chenye muhuri. Zaidi ya hayo, watu si wajinga, wataona mbingu nyeusi na kuelewa. Kesho yake Umurerwa akampigia simu Jean de Dieu. Jean de Dieu akamshukuru, akasema hiyo ni hoja nzuri sana na itawekwa katika awamu ya pili. Awamu ya pili ni lini? Inategemea wafadhili. Umurerwa akamuuliza kama mvua nayo inangoja wafadhili, na yule kijana akacheka, tena akacheka kwa upole, na huo upole ndio uliomkera zaidi kuliko kama angemtukana.

Basi, turudi kwenye kimbunga. Siku ya nne, Alhamisi, Umurerwa aliinama kwenye bomba akasoma milimita sabini na moja. Jumatano ilikuwa sitini na nane. Jumanne, sitini na tano. Katika miaka tisa hakuwa ameona siku tatu za namna hiyo zimefuatana. Aliweka kidole ardhini kati ya mistari ya maharage, na kidole kikazama chote. Alituma namba, halafu akafanya kitu ambacho hakukifanya mara nyingi, akapiga simu.

Jean de Dieu alikuwa na sauti ya mtu ambaye hajalala. Alisema buro nzima iko macho juu ya kile kimbunga. Akamweleza hata jambo lenyewe lilivyo, kwa subira, kama mwalimu: kimbunga kile ni kikubwa mno, kinavuta upepo kutoka mbali, unatoka kwenye misitu ya Walikale umejaa maji, unapita juu ya milima ya Masisi kwenda kukilisha. Ndiyo sababu mvua ni nyingi kwenu, akamwambia.

Damu ilikuwa inamchemka Umurerwa.

"Kumbe munajua," akasema. "Munajua na munanyamaza?"

Jean de Dieu akamjibu kwamba tahadhari inatolewa mvua ikifika themanini kwa siku, na ya kwake imefika sabini na moja. Umurerwa akamwambia ajumlishe na ya jana na ya juzi. Haijumlishwi, Mama, kila siku inaanza na sifuri. Na udongo je, akauliza Umurerwa, huo udongo nao kila asubuhi unaanza na sifuri? Hapo mtandao ukakatika, au kijana aliukata, Mungu anajua.

Hakumngoja mtu tena. Alimpitia Edmond akamwambia anakwenda kuwapandisha watu chapeli, kwa sababu chapeli imejengwa juu ya mwamba, na akamwomba kwa jina la kaka yake asiliguse lile janti. Edmond akasema halina haja ya kuguswa, maana buro haijasema kitu. Jibu hilo alilipokea kama ahadi. Ndivyo tunavyokosea sisi watu wa kuamini.

Toka saa tatu asubuhi mpaka saa nane alitembea nyumba kwa nyumba, sketi imelowa mpaka magotini. Hakupiga kelele. Aliingia, akasalimia, akakaa pale alipopewa kiti, maana kwetu hakuna anayekusikiliza ukiwa umesimama mlangoni, halafu akasema kwa sauti ya kawaida kwamba udongo umeshiba, mlima unaweza kushuka leo, wapande chapeli na watoto. Wengine walimtania, wakamuuliza kama hiyo mvua ameitengeneza mwenyewe. Élie, jirani yake, jitu la kifua kipana, alimwambia hawezi kuacha mbuzi wake kwa ajili ya bomba la plastiki, na saa moja baadaye akaonekana anapanda, mbuzi mbele. Mmoja mmoja walikwenda. Kusikia neno kutoka kwenye mdomo wa mtu unayemjua, aliyekaa kwenye kiti chako, ni jambo zito.

Nyirabagenzi ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote. Huyo alikuwa mama wa miaka sabini na kitu, rafiki wa Umurerwa tangu Umurerwa alipoolewa akiwa msichana asiyejua hata kupalilia mihogo; yeye ndiye aliyemfundisha. Alikuwa anamlea mjukuu wake, Astrid, wa miaka minne. Mguu unamuuma, akasema, na chapeli ni juu. Umurerwa akambeba Astrid mgongoni, akamshika yule mama mkono, wakapanda pamoja wakipumzika mara tano, na Nyirabagenzi njia nzima akimsema kwamba siku hizi amekuwa na kichwa kigumu kama cha marehemu mume wake. Akamkalisha kwenye benchi la kwanza, akamweka mtoto miguuni pake. Akahesabu waliokuwemo: arobaini na watatu. Zilikuwa zimebaki nyumba sita tu, zile za chini kabisa, karibu na ukingo wa kabande. Akateremka.

Alikuwa kwenye nyumba ya nne mvua kubwa ilipokuja. Ilikuja kutoka magharibi, upande wa Walikale, imejipanga, nyeusi, na ngurumo yake haikuwa ya kukatika. Umurerwa alimwambia mwenye nyumba ashike watoto. Wakati huo huo, huko juu, simu ya Edmond ililia ujumbe. Buro imesema! Chombo chao kingine, kilichofungwa mlima wa pili, kilikuwa kimevuka themanini. Ujumbe ulisema tahadhari nyekundu, anzisheni mpango. Maneno hayo tu. Edmond aliusoma mara mbili, akatoka kwenye mvua na ile karatasi yenye muhuri ndani ya shati, akafanya kile ambacho karatasi ilimwagiza. Akashika chuma akagonga janti, haraka haraka, bila kupumua.

Umurerwa alilisikia, akakimbilia njiani.

Watu walitoka chapeli kama wanavyotoka siku zote. Hakuna aliyefikiri, na wewe usiwalaumu, maana anayekaa kufikiri janti likienda mbio alishazikwa zamani. Walisahau mvua, walisahau waliyoambiwa asubuhi, miguu iliwachukua. Walimpita Umurerwa kwenye njia, mikono yake ameinyoosha kuwazuia, wakampita kama maji yanavyopita jiwe, kimya kabisa, wameinama, watoto wamezibwa midomo. Aliwataja majina. Aliwashika nguo. Nyirabagenzi mwenye mguu mbaya alipita naye, Astrid mgongoni, anakimbia! Mguu ule ulioshindwa kupanda ulijua kuteremka. Dakika chache tu, matete yaliwafunika wote, na kabande ikawa kimya kana kwamba haina mtu.

Alisimama ukingoni. Kijito kilikuwa kimegeuka rangi, na huko juu mlimani alisikia mawe yanagongana. Akaita kwa nguvu zake zote watoke, watoke, waje juu. Matete hayakutikisika. Ndipo akakumbuka kwa nini. Watu wa bunduki nao hufanya hivyo hivyo: husimama ukingoni wakaita tokeni, tokeni, na aliyetoka hakurudi. Kila alivyozidi kuita, ndivyo watu wake walivyozidi kulala chini.

Kitu gani kingewaambia kwamba hakuna vita? Kitu gani hakijawahi kusikika huku bunduki ziko karibu? Umurerwa hakukaa kuwaza hivyo kwa utulivu, usinielewe vibaya. Alikuwa analia, kamasi na mvua vinamtiririka. Lakini mkono ulikwenda mdomoni wenyewe, na akapiga vigelegele. Impundu, vile vya mama zetu, vya mtoto kuzaliwa na bibi harusi kuingia uani. Alipiga vya kwanza, vikavunjika kooni. Akapiga vya pili. Akapiga tena na tena, juu ya ukingo, mbele ya matete yale, akiwa amesimama wima mahali ambapo kila mtu wa Nyamirehe anajua kwamba haitakiwi hata kukohoa.

Kwanza waliganda. Halafu wakakasirika, na hasira ndiyo iliyowaokoa. Mwanamke gani huyu amepata wazimu, atawaleta wauaji juu ya vichwa vya watoto wetu! Élie alikuwa wa kwanza kutoka, alipanda ukingo kwa mikono na magoti, akamrukia, akamziba mdomo kwa kiganja. Umurerwa akamng'ata mpaka damu, akaendelea. Wakatoka wengine kumsaidia Élie. Wengine wakatoka kuwavuta wale, na wanawake wakatoka na watoto ili wahamie pengine, maana maficho yalikuwa yameshaharibika. Walimpiga. Mtu alimpiga ngumi ya shingo, mwingine alimvuta kilemba, na yeye chini kwenye matope anapiga vigelegele na kuwahesabu wale wa chapeli, ishirini, ishirini na tano, thelathini na nane. Alipofika arobaini na mmoja, na wale wa nyumba sita za chini nao wameshatoka, mlima ulikohoa mara moja, na maji yakaja na udongo na mawe na migomba mizima, na kabande yote ikajaa.

Mikono iliyokuwa inampiga ikamwachia.

Nyirabagenzi alikuwa amejificha ndani kabisa, chini ya jiwe, kwa sababu wazee ndio wanaojua mahali pazuri pa kujificha, na hakuwa na miguu ya kupanda kuja kumgombeza mtu. Walimpata Jumamosi, karibu na ziwa, yeye na Astrid. Kitenge kilikuwa bado kimefungwa. Hakikuwa kimefunguka hata fundo moja, alikifunga yeye aliyejua kufunga.

Baada ya mazishi maneno yalizunguka, kama yanavyozunguka. Wengi walikuja kwa Umurerwa kumshukuru, Élie alikuja na mkono umefungwa kitambaa akalia mbele yake bila haya. Lakini binti wa Nyirabagenzi, Mapendo, aliyekuwa amerudi kutoka Pinga kumzika mama yake na mtoto wake, aliuliza ni kweli kuna mtu alipiga vigelegele wakati wao wanakufa. Umurerwa akasema ni kweli, ni mimi. Mapendo akamtazama kwa muda mrefu, akaondoka. Edmond naye alikuwa haonekani, alikuwa analala na kulia kwa zamu, mke wake ndivyo alivyosema, na misa ya Jumapili watu waliitwa kwa mdomo.

Wiki ya tatu shirika likaja. Magari mawili yaliachwa Shasha, wakapanda kwa miguu: Jean de Dieu, mkubwa wake mwenye kofia, na dada mmoja mwenye kamera. Watu walikusanywa chapeli. Mkubwa wa kofia alitoa pole, halafu akasoma ripoti yake ya awali, na Jean de Dieu akawa anatafsiri. Ujumbe wa tahadhari ulipokelewa vizuri. Alama ilipigwa katika dakika mbili. Watu wote wa kijiji walihama katika dakika tisa, ambayo, akasema yule mkubwa, ni kasi nzuri kuliko vijiji vyote vya mradi. Wakapiga makofi wale wageni watatu. Makofi yao peke yao. Waliokufa, wawili, sababu, kutofuata maelekezo.

Edmond aliinama mpaka paji la uso likagusa benchi la mbele.

Dakika tisa! Ni kweli walihama katika dakika tisa. Walihama kutoka kwenye mwamba kwenda kwenye shimo. Umurerwa hakuwa mtu wa kusema katika mikutano, na alikuwa amejiahidi kunyamaza kwa ajili ya Mapendo, aliyekuwa amekaa nyuma karibu na mlango.

Hapo Jean de Dieu akamjia, kwa ule upole wake. Akasema habari ya vigelegele imewagusa sana watu wa buro. Wameiweka tayari katika awamu ya pili: janti libaki la vita, na kwa mvua wanawake wapige vigelegele. Ni mbinu bora, itafundishwa vijiji vingine. Dada wa kamera akawasha kitaa chake. Je, Mama anaweza kurudia kidogo, hapo ukingoni, vile alivyofanya siku ile?

Umurerwa alisimama. Benchi zima likageuka.

"Sitarudia," akasema. "Na hamutaviandika. Ile haikuwa alama. Nilikuwa naita batu yangu baje banipige. Munataka mutoto akizaliwa hapa, ao bibi harusi akiingia, batu bakimbie ku mulima na kulia? Tulikuwa na kitu moja tu ya furaha, na ile nayo munataka kuichukua mutie muhuri?"

Mkubwa wa kofia akauliza anasema nini. Jean de Dieu hakutafsiri.

"Na ile ripoti," akaendelea, "muandike vizuri. Muandike Nyirabagenzi alifwata maelekezo. Alifwata yangu, akapanda, nilimukalisha mi mwenyewe pale ku benchi. Halafu akafwata yenu, akashuka. Muandike na jina ya mutoto. Mama yake iko pale nyuma, mumuulize vile inaandikwa."

Watu waligeuka kumtazama Mapendo. Mapendo alikuwa amesimama. Alisema jina la mtoto wake, herufi moja moja, polepole, na hakuondoa macho kwa yule mwenye kalamu mpaka alipomaliza.

Jean de Dieu aliandika. Kisha, kwa sauti ya chini, akamuuliza Umurerwa, si kwa ajili ya kamera tena, sasa alama iwe nini? Alimuuliza kwa dhati, mtu anaweza kuona hivyo, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Hakuna alama," Umurerwa akamjibu. "Hapa kila kelele imekwisha kutumika. Mukijua mvua inakuya, mukuye na ninyi. Mbele ya kuanguka. Mupande, muingie nyumba kwa nyumba, mukae ku kiti, museme."

"Mama, ninasikia. Lakini buro haiwezi kufika kila fasi, kila mulima. Kwenu iko mbali sana."

Umurerwa alikumbuka zile siku tatu za redio, buro nzima haijalala, ikihesabu kila hatua ya upepo ulio ng'ambo ya nchi nzima mbili.

"Mbali na wapi?" akauliza.

Mkubwa wa kofia akamgusa Jean de Dieu bega, akataka kujua huyu mama ameuliza nini, na kijana akabaki amesimama katikati yao.